Peter Medawar na Mwili Ukataao Mgeni

Wengi wetu tumekwisha kusikia habari za mtu aliyepewa figo na ndugu yake, akapona. Lakini si wote wajuao ya kuwa mtu huyo, hata akirudi kazini mwake, hana budi kumeza dawa kila siku. Mwili wake hautambui upendo wa aliyetoa. Hujua tu kwamba figo ile si yake, nao hutaka kuiharibu. Leo twawasimulia maisha ya mtu aliyeonyesha kwamba mwili waweza kufundishwa kupokea.

Peter Medawar alizaliwa Brazil tarehe 28 Februari, 1915. Baba yake alikuwa mzaliwa wa Lebanon, na mama yake Mwingereza. Alipelekwa Uingereza kusoma, akajifunza elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Oxford.

Mwaka 1940, wakati wa vita, ndege ilianguka karibu na nyumba yake, na askari mmoja akaungua vibaya sana. Medawar aliombwa na daktari afikiri kama lipo la kumsaidia. Tangu hapo swali likamkaa moyoni: kwa nini ngozi ya mtu mwingine haishiki? Akaenda Glasgow, akafanya kazi na mpasuaji Thomas Gibson. Mgonjwa mmoja aliyeungua alibandikwa ngozi ya ndugu yake. Ngozi ya kwanza ilidumu siku kadhaa, ikafa. Ya pili ikafa upesi zaidi. Wakatambua kwamba mwili humkumbuka mgeni uliyemkataa.

Baada ya vita, yeye na Rupert Billingham walibandika ngozi kati ya ndama mapacha. Walidhani wasiofanana wangekataana, lakini karibu wote wakapokeana! Sababu ilikwisha kuonekana na Ray Owen huko Marekani mwaka 1945: ndama mapacha huchanganya damu tumboni mwa mama yao. Basi anayekutana na mgeni kabla ya kuzaliwa humhesabu kuwa wa nyumbani.

Wakaungana na Leslie Brent, aliyefika Uingereza mwaka 1938 akiwa mtoto mkimbizi wa Kiyahudi kutoka Ujerumani. Watatu hao wakawadunga panya wangali tumboni chembe hai za panya wa ukoo mwingine. Panya hao walipokua, baadhi yao walipokea ngozi ya ukoo ule bila kuikataa. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1953. Mwaka 1960 Medawar alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Macfarlane Burnet wa Australia, naye akawagawia Billingham na Brent sehemu ya fedha zake.

Lakini binadamu mgonjwa hawezi kurudishwa tumboni. Figo iliyopandikizwa Boston mwaka 1954 ilifaulu kwa kuwa mtoaji na mpokeaji walikuwa mapacha wa kufanana. Wengine walingoja dawa za kuituliza kinga ya mwili, nazo zina madhara yake.

Septemba 1969, akisoma somo katika Kanisa Kuu la Exeter, ingawa mwenyewe hakuwa mwumini, Medawar alipatwa na kiharusi. Alikuwa na miaka 54. Upande wake wa kushoto ukalemaa, lakini kwa msaada wa mkewe Jean aliendelea kufanya kazi na kuandika vitabu. Alifariki London tarehe 2 Oktoba, 1987.

Mbegu yake haikufa. Mwaka 2008 madaktari wa Boston walitoa habari za wagonjwa 5 waliopewa figo pamoja na uboho wa mifupa wa mtoaji yule yule, ili chembe za wote wawili zizoeane. Wanne kati yao waliweza kuacha dawa kwa miaka. Hata hivyo, matibabu yenyewe ni mazito na yana hatari, na mpaka leo ni wachache tu waliofikia hapo.

Kwa hiyo, ndugu, ukiwa na jamaa mwenye figo ya kupewa, umsimulie habari hii impe tumaini, lakini asiache dawa zake hata siku moja pasipo neno la daktari. Umkumbushe saa ya kumeza, na siku ya kliniki umsindikize.