Ibnul Haytham na Siri ya Jicho

Abu Ali al-Hasan Ibnul Haytham alizaliwa Basra, Iraki, kiasi cha mwaka wa 965. Yasimuliwa kwamba alidai aweza kuyatawala maji ya Nile, na Khalifa al-Hakim wa Misri akamwita. Kufika Aswan, akaona hawezi. Al-Hakim alikuwa mtu wa kuua hata mawaziri wake. Basi Ibnul Haytham akajitia wazimu, akafungiwa nyumbani mpaka Khalifa alipotoweka mwaka wa 1021. Siku hizo akili zikamrudia! Akakaa karibu na Al-Azhar, akila kwa kunakili vitabu.

Katika Kitab al-Manazir, juzuu 7, alionyesha kuwa jicho halitoi miale, bali hupokea nuru. Tena aliona jambo la ajabu: rangi ile ile, ikinyunyizwa juu ya kitu cheupe huonekana nyeusi, na juu ya kitu cheusi sana huonekana nyeupe. Rangi haikugeuka.

Karne ya 20, Mmarekani Hartline, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka wa 1967, alichunguza macho ya mnyama wa pwani mfano wa kaa, akakuta sehemu iliyopata nuru huinyamazisha jirani yake. Katika ubongo wetu kazi hiyo hufanywa zaidi na kemikali iitwayo GABA. Ikishika vipokezi vya seli, chembe za kloraidi huingia, na seli huwa nzito kuamka. Breki hiyo ikilegea mno, seli huwaka kwa pamoja, na mtu huweza kushikwa na kifafa.

Ibnul Haytham alifariki kiasi cha mwaka wa 1040. Wazungu walimsoma kwa Kilatini, wakamwita Alhazen.