MTAWA KIPOFU ALIYEVUKA BAHARI

Katika hekalu la Toshodaiji, mjini Nara huko Japani, kimehifadhiwa chombo cha ajabu: kasa aliyebeba mnara mgongoni. Chombo hicho kilitengenezwa kutunzia mabaki matakatifu yasemwayo kuwa ya mwili wa Buddha, madogo kama punje. Aliyeyaleta alikuwa mtawa wa Kichina, jina lake Jianzhen, ambaye Wajapani humwita Ganjin.

Jianzhen alizaliwa mwaka 688 katika mji wa Yangzhou, akaingia utawani angali kijana. Alisoma kwa bidii hata akawa mwalimu mwenye sifa kuu. Mwaka 742 walimjia watawa wawili Wajapani, wakamsihi awapatie mwalimu wa kanuni za utawa, maana kwao walikuwa haba. Jianzhen akawauliza wanafunzi wake nani yu tayari kwenda. Wote wakanyamaza kwa kuiogopa bahari. Basi akasema atakwenda mwenyewe.

Mara ya kwanza wenziwe walishtakiwa kwa uongo kuwa ni maharamia. Mara ya pili jahazi lao lilivunjwa na dhoruba. Mara ya tatu na ya nne wakubwa wa serikali walimzuia, kwani waliompenda hawakutaka aondoke. Mara ya tano, mwaka 748, upepo ulimsukuma mbali kusini hadi kisiwa cha Hainan. Katika safari ya kurudi, mmoja wa wale Wajapani alifariki, na macho ya Jianzhen yakapofuka.

Hata hivyo, mwaka 753 alipanda chombo mara ya sita, akaifikia Japani. Hadithi ya kale husimulia kwamba njiani mabaki yale yalizama baharini, akatokea kasa wa dhahabu akayarudisha mgongoni mwake. Ndiyo sababu ya umbo la chombo kile.

Mwaka 754 Shomu, mfalme aliyekwisha kuacha kiti, alikula nadhiri za dini mbele yake. Mwaka 759 Jianzhen alianzisha hekalu la Toshodaiji, akafundisha huko hata alipofariki mwaka 763. Sanamu yake ya wakati ule ingaliko, ameketi, macho yamefumbwa.

Ndugu wanafunzi, sisi tukianguka mtihani mara moja twataka kuvitupa vitabu. Jianzhen alishindwa mara tano, na nchi aliyoitamani hakuiona kwa macho yake, lakini aliifikia na kuifundisha. Kweli, mvumilivu hula mbivu.