Bruce Lee: Stelingi aliyenyimwa ustelingi

Wadau, leo naomba niwarudishe nyuma kidogo, enzi za vibanda vya video. Sisi tuliokulia kwenye ile mikanda iliyochakaa tulikuwa na sheria moja tu: stelingi hafi. Adui atampiga, atamfunga kamba, atamchomea nyumba, lakini mwisho wa picha lazima atoke mzima. Ndiyo maana siku niliyoambiwa kwamba Bruce Lee alishakufa zamani, kabla hata mimi sijazaliwa, niligoma kabisa. Nilibishana mpaka nikataka kuzipiga.

Nimekuja kumsoma vizuri ukubwani, nikagundua kitu ambacho pale kibandani hakuna aliyetuambia. Huyu jamaa alihangaika miaka kibao kutafuta ustelingi katika nchi aliyozaliwa, akanyimwa.

Ndiyo, alizaliwa Marekani, mjini San Francisco, Novemba 27, 1940. Baba yake, Lee Hoi-chuen, alikuwa mwigizaji wa opera ya Kikantoni na alikuwa ziarani kule na kikundi chake. Mtoto hajaanza hata kutambaa, akaonekana kwenye filamu akiwa amebebwa. Familia ikarudi Hong Kong, na hadi anafikisha miaka 18 alishacheza filamu zipatazo 20. Nyingi hazikuwa za ngumi. Alicheza watoto yatima na watukutu wa mitaani. Kwa hiyo wanaosema alikuwa mpiganaji tu aliyeokotwa na kutiwa kwenye sinema wanakosea. Uigizaji ndio uliotangulia.

Ngumi za Wing Chun alifundishwa ujanani na mwalimu Yip Man. Na msishangae, mwaka 1958 alikuwa bingwa wa kucheza cha-cha Hong Kong! Ila ugomvi wa mitaani ukazidi, wazazi wakaona bora 1959 wampeleke Marekani. Akaja kuishi Seattle, akawa anafanya kazi mgahawani, baadaye akaingia Chuo Kikuu cha Washington na kuanza kufundisha kung fu. Mwanafunzi wake wa kwanza kule, Jesse Glover, alikuwa Mmarekani mweusi. Mwaka 1964 akamwoa Linda Emery, Mmarekani mzungu.

Mwaka huohuo alionyesha ufundi wake kwenye mashindano ya karate Long Beach, watu wa televisheni wakapata habari zake. Mwaka 1966 akapewa nafasi kwenye kipindi cha The Green Hornet. Nafasi gani? Kato, dereva na mtumishi! Stelingi alikuwa Van Williams. Kazi ya kupiga watu ilikuwa ya Kato, maneno ya kusema alipewa kidogo. Baada ya vipande 26 kipindi kikasimamishwa, 1967.

Ikafuata miaka ya makombo: nafasi ndogondogo, na kuwafundisha kung fu mastaa kama Steve McQueen na James Coburn. Mwaka 1970 akaumia mgongo vibaya wakati wa mazoezi, akalala miezi. Halafu ikatayarishwa tamthilia ya Kung Fu, habari za mtawa wa Shaolin huko Marekani ya magharibi. Bruce alifikiriwa kuwa stelingi, lakini sura na lafudhi yake vikawa kikwazo. Akapewa David Carradine, mzungu, ambaye wala hakuwa mtu wa kung fu. Jamani!

Kumbe Hong Kong watu walikuwa wanakiita kile kipindi cha zamani kwa jina la Kato. Kwao mtumishi ndiye aliyekuwa stelingi! Raymond Chow wa kampuni ya Golden Harvest akampa mkataba wa filamu mbili kwa dola 15,000. The Big Boss ikatoka 1971, ikajaza kumbi. 1972 ikaja Fist of Fury. Mwaka huohuo akaandika na kuongoza mwenyewe The Way of the Dragon, ile anayopigana na Chuck Norris pale Colosseum, Roma.

Hapo ndipo Hollywood ikamfuata. Warner Bros. wakashirikiana na Golden Harvest kutengeneza Enter the Dragon, yeye akiwa stelingi bila ubishi. Mei 10, 1973, akiwa studio wanaingiza sauti za filamu hiyo, akaanguka akapoteza fahamu. Alipona. Julai 20 akalalamika kichwa, akapewa kidonge cha maumivu, akalala, hakuamka tena. Alikuwa na miaka 32. Uchunguzi ulionyesha ubongo ulivimba, ikatajwa kwamba mwili wake uliikataa dawa ile. Filamu ikaanza kuonyeshwa Marekani mwezi uliofuata na kuingiza mamilioni. Mwenyewe hakuyaona.

Kibandani kwetu tulikuwa na majibu mengine: mara kapigwa pigo la siri linaloua baada ya siku kadhaa, mara kalishwa sumu, mara yuko hai kajificha. Nadhani kidonge cha kichwa kilikuwa kifo kidogo mno kwa mtu tuliyemwona akiangusha ukumbi mzima.

Kazikwa Seattle. Pembeni yake yupo mwanaye Brandon, naye mwigizaji, aliyeuawa na bunduki ya maigizo kwa bahati mbaya mwaka 1993, wakati wa kupiga picha za The Crow. Alikuwa na miaka 28, na yeye ndiye aliyekuwa stelingi.

Haya wadau wa enzi zile, kwenye kibanda chenu mlikuwa mnasema Bruce Lee alikufaje? Tiririkeni.