Jaurès: Mtetezi wa amani aliyeuawa kwa jina la uzalendo

Jioni ya Julai 31, 1914, mwanasiasa wa Ufaransa Jean Jaurès alikuwa akila chajio na wenzake katika mkahawa jijini Paris. Kijana Raoul Villain alimpiga risasi kupitia dirishani, akamuua. Kosa la Jaurès machoni pa muuaji huyo lilikuwa kupinga vita.

Jaurès alizaliwa Septemba 3, 1859 mjini Castres, kusini mwa Ufaransa. Alisomea falsafa, akawa mwalimu, kisha mbunge mwaka wa 1885. Baada ya mgomo wa wachimbaji makaa ya mawe wa Carmaux mwaka wa 1892, wafanyakazi hao walimchagua awatetee bungeni.

Wakati huo Ufaransa ilikuwa ingali inauguza jeraha la kushindwa na Ujerumani na kupokonywa Alsace na sehemu ya Lorraine mwaka wa 1871. Uchungu huo ulizaa uzalendo uliopindukia, uliosaka wasaliti hata pasipokuwa nao.

Mwaka wa 1894, Kapteni Alfred Dreyfus, Myahudi, alihukumiwa kwa ujasusi ambao hakuufanya, akafungwa katika Kisiwa cha Shetani. Mwanzoni Jaurès naye aliamini kwamba Dreyfus alikuwa na hatia. Alipochunguza ushahidi alibadili msimamo, na mnamo 1898 akafichua jinsi nyaraka zilivyoghushiwa. Dreyfus alisafishwa jina mwaka wa 1906.

Mnamo 1904 Jaurès alianzisha gazeti la L'Humanité. Alipopinga sheria ya 1913 ya kurefusha utumishi wa jeshi hadi miaka mitatu, wazalendo wakali walimwita kibaraka wa Ujerumani, baadhi yao wakitaka auawe.

Siku tatu baada ya mauaji yake, Ujerumani ilitangaza vita dhidi ya Ufaransa. Wanajeshi wa Ufaransa zaidi ya milioni 1.3 waliangamia, akiwemo Louis, mwanawe Jaurès, mwaka wa 1918. Moto huo ulifika hadi Afrika Mashariki, ambako maelfu ya Waafrika waliolazimishwa kuwa wapagazi walikufa kwa njaa na maradhi.

Mwaka wa 1919 mahakama ilimwachilia huru Villain, na mjane wa Jaurès akaamriwa kulipa gharama za kesi. Hatimaye, mwaka wa 1924, mabaki ya Jaurès yalihamishiwa Panthéon, wanakolala mashujaa wa Ufaransa. Aliyeitwa msaliti alikuwa amejaribu kuwaokoa vijana wa taifa lake.