Ummu Kulthum bint Uqba (r.a.): Msichana Aliyetoka Makka Peke Yake

Tukisimulia suluhu ya Hudaybiya ya mwaka wa 6 Hijria, wengi wetu humtaja Abu Jandal, aliyerudishwa kwa Maquraishi na minyororo yake. Binti aliyetoka Makka baada yake hatumtaji sana.

Ummu Kulthum alizaliwa katika nyumba ngumu. Baba yake, Uqba bin Abi Mu'ayt, ndiye aliyemtupia Mtume (s.a.w.) matumbo ya ngamia mgongoni akiwa amesujudu mbele ya Al-Kaaba. Uqba aliuawa baada ya vita vya Badr. Sasa jiweke mahali pake, dada yangu: moyo wako umemwamini Mtume, na nyumbani kwenu anahesabiwa kuwa ndiye aliyekuacha yatima. Ndugu yake wa upande wa mama, Uthman bin Affan (r.a.), alikwishahama. Yeye alibaki mikononi mwa kaka zake, Walid na Umara, hajaolewa, ndiyo kwanza amevunja ungo.

Hakugombana nao. Wapokezi wa sira wanaeleza kwamba alikuwa na desturi ya kwenda kwa jamaa zake nje ya mji, akakaa siku tatu au nne, kisha akarudi. Alifanya hivyo mara kwa mara mpaka kutoka kwake kukawa jambo la kawaida. Siku moja hakurudi. Alikutana na mtu wa kabila la Khuza'a, akampandisha ngamia wake, akamfikisha Madina kwa heshima. Ni safari ya zaidi ya kilomita 400.

Alishukia kwa Ummu Salama (r.a.), na hapo ndipo hofu ilipomzidi. Mkataba ulisema anayekimbia Makka arudishwe, na tayari wanaume walikuwa wamerudishwa. Akirudishwa yeye, msichana, angevumilia vipi mateso waliyoshindwa wanaume? Kaka zake hawakukawia kufika, wakadai haki yao. Kwa kweli, kwa maandishi ya mkataba, dai lao halikuwa la kipuuzi.

Ndipo ikateremka aya ya 10 ya Suratul Mumtahana: wanawake waumini waliohama wajaribiwe imani yao, na ikithibiti wasirudishwe kwa makafiri. Walid na Umara wakarudi Makka mikono mitupu.

Madina aliolewa na Zayd bin Haritha, aliyekufa shahidi Mu'ta mwaka wa 8. Kisha Zubayr bin Al-Awwam; hakuuweza ukali wake, akaomba talaka, akapewa. Halafu akaolewa na Abdurrahman bin Awf, akamzalia Ibrahim na Humayd.

Walid naye alisilimu Makka ilipofunguliwa. Na Humayd ndiye aliyepokea kwa mama yake hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba anayesuluhisha watu kwa kusema la kheri si mwongo.