Mtakatifu Yeronimo, Msahihishaji wa Injili

Kila ifikapo Septemba 30 Kanisa humkumbuka Mtakatifu Yeronimo, padre na Mwalimu wa Kanisa, aliyefariki Bethlehemu mwaka 420. Wengi wetu twamfahamu kuwa ndiye aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini. Hata hivyo, kabla ya tafsiri ile kubwa alikabidhiwa kazi nyingine isiyotajwa sana, nayo ilimletea lawama nyingi: kusahihisha makosa ya wanakili.

Alizaliwa Stridon yapata mwaka 347, akasoma Roma na kubatizwa huko, kisha akaishi kama mkaapweke katika jangwa la Siria, alikoanza kujifunza Kiebrania kwa taabu kubwa. Mwaka 382 alirudi Roma na kuwa msaidizi wa Papa Damaso. Papa huyo aliona jambo lililomsumbua: Injili zilizosomwa makanisani kwa Kilatini hazikulingana. Tukumbuke kwamba wakati huo kila kitabu kilinakiliwa kwa mkono. Karibu kila nakala ilikuwa na namna yake.

Yeronimo alieleza sababu tatu. Wako waliotafsiri vibaya tangu mwanzo. Wako waliojitia kusahihisha bila elimu, wakaharibu zaidi. Na wako wanakili waliosinzia, wakaongeza au kugeuza maneno. Tena aligundua kosa moja ambalo, kwa maoni yetu, lilitokana na uchaji wenyewe: mnakili wa Marko, akikumbuka kwamba Luka au Mathayo ameeleza zaidi, alijazia humo yaliyokosekana. Hakukusudia ubaya. Lakini baada ya miaka mingi ya kunakili hivyo, Marko hakusikika tena kwa sauti yake mwenyewe.

Dawa ilikuwa kurudi kwenye chemchemi. Yeronimo alichukua nakala za Kigiriki zilizokuwa za kale hata kwa wakati wake, akazilinganisha na zile za Kilatini. Aliizuia kalamu yake: alisahihisha pale tu maana ilipokuwa imepotoka, na mengine akayaacha yalivyo, kwa kuwa waamini walikuwa wameyazoea.

Kujizuia huko hakukumwokoa. Alikuwa ametabiri kwamba msomaji yeyote, awe msomi au asiye msomi, akikuta neno tofauti na lile alilolizoea tangu utoto, atamwita mghushi aliyethubutu kugusa vitabu vitakatifu. Ndivyo ilivyotokea. Mfano mmoja ni Warumi 12:11. Wapinzani wake walishikilia usomaji uliosema tuutumikie wakati; yeye alitetea usomaji usemao tumtumikie Bwana. Kwa Kigiriki maneno hayo mawili hufanana sana katika maandishi, na jicho lililochoka huliona moja kuwa ndilo lingine. Biblia zetu za Kiswahili zinafuata usomaji alioutetea.

Tusimpambe kupita kiasi. Alikuwa mwepesi wa hasira na ulimi wake ulikata. Katika barua aliyomwandikia Marcella kuhusu ugomvi huo, aliwafananisha wapinzani wake na punda wa miguu miwili. Damaso alipofariki mwishoni mwa mwaka 384, Yeronimo alibaki bila mlinzi, na mwaka uliofuata aliondoka Roma akiwa na uchungu moyoni. Alikwenda kukaa Bethlehemu, ambako Paula na binti yake Eustochium walianzisha naye maisha ya kitawa.

Huko yalimpata yaliyowapata waandishi wa zamani. Zaburi alizozisahihisha Roma zilinakiliwa tena na tena hadi makosa ya kale yakarudi, akalazimika kuzisahihisha mara ya pili. Baadaye Sunnia na Fretela, Wakristo wa kabila la Wagoti, walimwandikia kumwuliza kuhusu tofauti walizoziona katika Zaburi. Katika Zaburi ya 74 alikuta maelezo yake mwenyewe, aliyoyaandika pambizoni ili kumsaidia msomaji, yameingizwa na mnakili ndani ya Zaburi kana kwamba ni maneno ya Maandiko! Na Lucinius wa Hispania alipowatuma wanakili sita Bethlehemu wanakili vitabu vyake, Yeronimo alimwonya mapema kwamba watu hao huandika wanachokielewa badala ya wanachokiona, na wakitaka kurekebisha makosa ya wengine huonyesha ya kwao.

Aliendelea na kazi hadi uzeeni. Tafsiri yake, iitwayo Vulgata, nayo ilinakiliwa kwa karne nyingi na kukusanya makosa mapya njiani. Mwaka 1907 Papa Pius X aliwakabidhi watawa Wabenedikto kazi ya kuyatafuta maneno halisi ya Yeronimo. Kitabu cha Mwanzo kilitoka mwaka 1926, na Agano la Kale likakamilika mwaka 1995, baada ya watawa hao kulinganisha nakala moja na nyingine, neno kwa neno, kama yeye alivyofanya kwa Injili.