Profesa Abdus Salam: Kutoka siri ya kushoto na kulia hadi nyumba ya wanasayansi wa nchi zinazoendelea

Mwaka 1957 ulishuhudia matukio mawili ya kisayansi yaliyotokea mbalimbali. Mjini Ifakara, katika Bonde la Kilombero, Profesa Rudolf Geigy kutoka Uswisi alianzisha maabara ya utafiti wa magonjwa ya ukanda wa joto, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Nchini Marekani, yalitangazwa matokeo ya jaribio lililoonesha kuwa maumbile hayautendei sawa upande wa kushoto na ule wa kulia. Yupo mtu ambaye maisha yake yanasaidia kuelewa uzito wa matukio yote mawili, ingawa hakuwa mtafiti wa Ifakara. Huyo ni hayati Profesa Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan.

Salam alizaliwa Januari 29, 1926 na kukulia Jhang, mji mdogo wa eneo la wakulima katika jimbo la Punjab, ambako baba yake alikuwa mtumishi wa idara ya elimu. Akiwa na umri wa miaka 14 aliongoza katika mtihani wa kuingia chuo kwa jimbo zima. Mwaka 1946 alipata ufadhili uliotokana na mfuko wa kuwasaidia wakulima wadogo, akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza.

Mwaka 1951 alirejea nyumbani kufundisha mjini Lahore. Hapo alikutana na upweke wa mtaalamu asiye na mwenzake. Majarida ya kisayansi yalikuwa adimu, hapakuwa na mtu wa kujadiliana naye utafiti, na miongoni mwa majukumu aliyopewa ni kusimamia timu ya mpira ya chuo. Mwaka 1954, kwa uchungu, aliondoka na kurudi Cambridge. Alikuwa amelazimika kuchagua kati ya nchi yake na taaluma yake.

Septemba 1956, akiwa ndani ya ndege usiku akirejea Uingereza kutoka mkutano uliofanyika Seattle, Marekani, Salam alipata wazo lililohusu kairaliti, yaani sifa ya chembe kuwa ya kushoto au ya kulia. Mfano wake ni jozi ya kandambili. Zote mbili zina umbo na ukubwa uleule, lakini ya kushoto haiwezi kuvaliwa mguu wa kulia. Wakati huo wanafizikia wengi waliamini kuwa sheria za maumbile hazibagui pande hizo mbili. Salam aliona kuwa iwapo neutrino, chembe ndogo isiyo na chaji, haina tungamo, basi inaweza kuwa ya upande mmoja tu, na usawa wa kushoto na kulia ukavunjika.

Wakubwa wake hawakukubaliana naye. Profesa Rudolf Peierls alilikataa wazo hilo, na Wolfgang Pauli, mmoja wa magwiji wa fizikia duniani, alimpelekea ujumbe wa kumtaka afikirie jambo bora zaidi. Salam alichelewa kuichapisha makala yake. Januari 1957, jaribio la Chien-Shiung Wu kwa kutumia kobalti lilithibitisha kuwa usawa huo kweli huvunjika, na mwaka huohuo Tuzo ya Nobel ikaenda kwa Lee na Yang, waliokuwa wamehoji suala hilo mapema. Pauli alimwandikia Salam kukiri kosa lake.

Baadaye ilibainika kuwa neutrino ina tungamo ndogo sana, lakini msingi wa wazo lile haukuanguka. Kani dhaifu, ile inayosababisha aina fulani ya unururifu, inapobadili chembe moja kuwa nyingine hugusa elektroni za kushoto pekee. Kwa positroni, ambazo ni chembe kinzani za elektroni, hali ni kinyume, kwani hugusa zile za kulia pekee. Juu ya msingi huo Salam, pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg, kila mmoja kwa njia yake, walionesha kuwa kani dhaifu na sumakuumeme zina asili moja. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Hata hivyo, Salam hakusahau upweke wa Lahore. Mwaka 1964, kwa ushirikiano na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, alianzisha Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia mjini Trieste, Italia. Chini ya mpango wake wa washirika, mwanasayansi kutoka nchi inayoendelea aliweza kwenda kituoni kwa wiki au miezi michache, akasoma na kujadiliana na wenzake, kisha akarudi kufundisha nyumbani. Kwa njia hiyo hakulazimika kuhama ili abaki mwanasayansi. Mwaka 1983 alianzisha pia Akademia ya Sayansi ya Ulimwengu wa Tatu.

Salam alifariki dunia Oxford, Uingereza, Novemba 21, 1996, na mwaka uliofuata kituo cha Trieste kilipewa jina lake. Mwaka 2018 taasisi dada ya kituo hicho kwa ajili ya Afrika Mashariki ilianza kazi Kigali, Rwanda.

Bonde la Kilombero linaonesha kile alichokipigania. Maabara iliyoanzishwa na wageni mwaka 1957 imekuwa taasisi ya Kitanzania, na katika miaka ya 1990 utafiti wa vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga ulionesha kuwa vyandarua hivyo viliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Matokeo hayo yalipatikana katika vijiji ambako malaria ilikuwa ikiua, kwa kazi ya watafiti waliokuwa na maabara, vitabu na wenzao wa kushauriana nao. Kwa mwanafunzi wa sayansi wa Ifakara leo, maisha ya Salam yanakumbusha kuwa kipaji kinaweza kuzaliwa popote, lakini hudumu pale tu kinapojengewa nyumba.